Ndani ya Kaske Kumi na Mbili

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne, niliingia katika atelie, yaani karakana, ya mashua kando ya ziwa, mwendo mfupi kutoka soko la Kituku mjini Goma, nikiwa na shati lililopigwa pasi na barua ya mjomba wangu mfukoni. Chefu wa atelie hakuisoma barua. Alikuwa amechuchumaa karibu na mashua mpya ambayo ilikuwa bado haijapakwa rangi, akanitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Jina?"

"Paluku."

"Paluku, tia mukono mule ndani. Pitisha pole pole, toka mbele mupaka nyuma."

Nilitii. Sikufika hata katikati. Kiganja kizima kiliingiwa na vimiba ambavyo sikuviona kwa macho, na nilipoukunja mkono viliingia zaidi.

"Unasikia nini?"

"Inaniuma, Chefu."

"Na inje?"

Nilipitisha mkono wa pili nje. Kulikuwa laini kama sahani.

"Njo kazi yetu ile," akasema, na njo kwetu ni ndiyo. "Inje ni ya macho, ndani ni ya mutu. Kila fundi wa ovyo anajua kufanya inje." Nilipokimbilia sufuria ya maji ya moto iliyokuwa jikoni mwa mlinzi, alinipigia kelele. "Maji baridi, we mujinga! Ya moto inafungua ngozi, vioo binaingia mupaka kwa mufupa."

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza na la pili kwa siku moja, na mshahara wa siku hiyo sikuupata kwa sababu niliumwa na mkono nikashindwa kushika chombo.

Kwa ninyi mnaoanza leo, ambao wengi mnajifunzia kwenye simu, nieleze kwa ufupi. Fibre ni nyuzi za kioo zilizofumwa, au zilizotandazwa ovyo kama manyoya juu ya mkeka. Peke yake ni laini, unaikata kwa mkasi. Ukiilowesha kwa rezini, ambayo ni kama asali nyepesi yenye harufu kali, na kama umetia ndani ya rezini hiyo matone ya dawa ya kugandisha, vitu hivyo vyote huwa kitu kimoja kigumu. Unaikandika kwenye kalibu, yaani umbo la kile unachokitaka. Upande unaolala kwenye kalibu hutoka laini wenyewe. Upande wa pili, ule unaotazama hewa, hubaki na nywele za kioo, tena hubaki unanata, kwa sababu rezini haikauki vizuri mahali inapoguswa na hewa. Katika mashua, katika tangi na katika kofia, upande huo mbaya ndio wa ndani. Kwa hiyo kazi ngumu yote iko pale ambapo mnunuzi hatazami.

Nilikuwa na miezi minne kazini wakimbizi wa nchi jirani walipovuka mpaka. Sitasimulia yale ambayo wengine wamekwisha kuyasimulia. Nitasema tu jinsi yalivyoingia kwenye kazi yetu. Mashua zilisimama, na shirika moja la misaada likatuagiza matangi ya maji na mifuniko yake. Chefu alitukataza kutoa tangi hata moja kabla yeye mwenyewe hajaingiza mkono ndani, bila glavu, akalipapasa lote. "Kioo kikiingia mu maji, kitaingia mu tumbo ya mutoto," alisema, "na batoto banakufa ya kutosha." Malori yaliyobeba maiti za wakimbizi yalipita barabara ya juu. Siku za mwanzo tulikuwa tunasimama na kuvua kofia yakipita. Baadaye tuliacha kusimama, kwa sababu rezini ikishatiwa dawa haisubiri. Katika baridi ya Goma una dakika ishirini na tano, jua likiwaka una kumi na tano, kisha inageuka kama ugali ndani ya ndoo na kupata moto mpaka ndoo inayeyuka. Nilijifunza kutazama ndoo nisitazame barabara. Sijui kama hilo lilikuwa somo zuri.

Vita vya kwanza vilipofika, atelie iliporwa. Walichukua hata mapipa ya rezini wakidhani ni mafuta. Chefu alirudi kwao upande wa Bukavu na sikumwona tena. Mimi nilikwenda mtaa wa Mabanga, kwenye garaji iliyokuwa ikinyoosha na kupaka rangi magari, chini ya mtu tuliyemwita Patroni. Patroni alikuwa kinyume cha Chefu. Kwake gari ilikuwa ngozi tu. Alinifundisha mastiki, yaani udongo wa rezini na unga wa talki unaoziba mashimo, na alinifundisha msasa: unaanza na ule mkali, unamaliza na ule laini, na unalowesha maji ili vumbi lisipande. Nilipokuwa nalainisha upande wa ndani wa bampa alinicheka.

"Paluku, nani ataingia mule? Panya?"

"Ni mazoea, Patroni."

"Mazoea hainunue foufou ya kula. Funika, paka rangi, toa mu garaji!"

Nilikaa kwake miaka sita, mpaka volkeno iliposhusha moto wake mjini na garaji ikabaki chini ya mawe meusi, urefu wa mtu mmoja juu ya paa. Baada ya hapo nilianza kujitegemea, kwenye kibanda cha mbao nilichokijenga juu ya mawe yale yale. Nilitengeneza madigadi ya pikipiki, mabeseni, viti vya mitumbwi, sanamu za malaika kwa makaburi. Jioni nilisoma vitabu vya ufundi vya Kifaransa ambavyo nilivinunua kwa kilo, bila majalada. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la sita. Kila nilichokijua nilikipata kwa kufungua kitu kilichokufa na kuangalia kilivyotengenezwa. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina tundu moja, nami nilitumbukia humo.

Mwaka mmoja, wiki tano kabla ya Ijumaa Kuu, Mupe wa parokia yetu, ndivyo tunavyomwita padri, alikuja kibandani na sanduku la makaratasi yaliyooza. Zilikuwa kofia za askari wa Kirumi kwa ajili ya mchezo wa Mateso, ule ambao vijana na watu wazima wa parokia huucheza barabarani tangu kanisani hadi uwanja wa shule. Kila mwaka zilitengenezwa kwa karatasi ngumu, na kila mwaka mvua ya Aprili ilizilegeza kabla Yesu hajaanguka mara ya pili.

"Fundi, nataka kaske kumi na mbili," alisema. Kaske ndiyo kofia ngumu kwetu. "Zile haziogope maji. Zikae miaka kumi."

Kalibu niliitengeneza kwa plasta juu ya bakuli kubwa, nikaongeza mashavu mawili ya kufunika masikio. Nilitoa kaske moja ya majaribio, nikaibandika ufagio mwekundu utosini kama manyoya, nikaipaka rangi ya shaba. Nje ilipendeza. Ndani niliipiga msasa kidogo tu, kwa sababu muda ulikuwa mfupi, na kwa mara ya kwanza nilimsikiliza Patroni badala ya Chefu.

Aliyeivaa siku ya mazoezi alikuwa Muhindo, kaka wa mke wangu Masika. Muhindo alikuwa motari, yaani mwendesha pikipiki wa kubeba abiria, mtu mwenye maneno mengi na kichwa kikubwa. Kwenye kituo cha nne cha Njia ya Msalaba alianza kujikuna. Kwenye cha sita aliweka mkuki chini ili ajikune kwa mikono miwili. Watoto waliokuwa wakifuata waliangua kicheko.

"Askari wa Pilato iko na chawa!"

"Mupeleke ku coiffeur, bamunyoe!"

Alikuja kwangu na paji la uso lililovimba. "Shemeji, umeniwekea siafu mule ndani? Yesu mwenyewe amenionea huruma. Ameniuliza, 'Papa, uko sawa?' Na yeye njo anabeba musalaba!"

Nilicheka, lakini niliona aibu. Usiku huo huo nilikata shauri kwamba zile kumi na mbili zitakuwa na ndani ambayo hata Chefu angeiingiza mkono bila kusema neno. Nieleze nilivyofanya, kwa sababu hatua zenyewe bado ni sahihi, na fundi anayezifuata hatakosea kitu isipokuwa kile nilichokikosea mimi.

Kwanza, kabla rezini haijaganda kabisa, inapokuwa kama jibini, ukate ukingo kwa kisu. Ukisubiri igande utahitaji msumeno, na msumeno hutoa vumbi la kioo. Pili, ukimaliza kukandika, funika upande wa ndani kwa nailoni ya mikate na uibane isibaki na hewa. Kesho yake ukiibandua, hapatanata. Tatu, msasa wenye maji, kisha mastiki kwenye vishimo, kisha msasa tena, mpaka ukipitisha soksi ya nailoni ndani haikwami popote. Hicho ndicho kipimo changu, soksi. Mkono huzoea maumivu, soksi haizoei. Nne, rangi mbili ndani, na siku nne juani mpaka harufu iishe, maana harufu ile ikifungiwa karibu na pua humlewesha mtu. Tano, sponji na kitambaa.

Kwa hatua hii ya tano sikuwa na mwalimu. Nilinunua kaske ya pikipiki iliyokufa, ganda lake limepasuka, nikaifungua juu ya meza kama vile mtu anavyomfungua samaki. Nilichora kila kipande. Ndani kabisa, palipogusa kichwa, kulikuwa na sponji laini iliyovikwa kitambaa cheusi, vipande saba, vyenye njia za hewa katikati. Kulikuwa na mkanda wa kidevu wenye pete mbili za chuma. Na kati ya sponji na ganda kulikuwa na tabaka nene, jeupe, jepesi, la kitu kile kile kinachofungashiwa redio mpya.

Tabaka hilo nilifikiri juu yake muda mrefu. Nilikata kipande nikakiweka ndani ya kaske yangu na kukipaka rezini ili kishike. Kiliyeyuka mbele ya macho yangu kama sukari kwenye chai. Nikasugua kingine kwa kidole, kikamomonyoka. Nikaandika kwenye daftari langu: *Nyeupe ni ya kujaza nafasi, ili ganda moja lienee vichwa vingi. Haina nguvu. Iachwe.* Kwa kuwa mimi nilipima kila kichwa kwa uzi, sikuwa na nafasi ya kujaza. Niliona nimewazidi akili wenye kiwanda.

Sponji niliikata kwenye godoro jipya. Gundi ilikuwa ya viatu. Unaipaka pande zote mbili, unasubiri mpaka kidole kisishike, ndipo unabandika mara moja bila kusahihisha. Kitambaa Masika alikishona kwa mashine yake, mshono ukitazama ganda, si ngozi. Mkanda niliufunga kwa ripiti, yaani misumari mifupi isiyo na ncha, zenye vishikizo pande zote mbili, ili zisichomoke wala zisimkwaruze mtu. Ijumaa Kuu ile mvua ilinyesha tangu kituo cha pili hadi cha mwisho, na askari kumi na wawili walisimama kama wanaume. Muhindo alikataa kuivua yake baada ya mchezo. Alikwenda nayo nyumbani.

"Shemeji," aliniambia, "hii inanifaa kwa moto. Ile ya duka inanibana masikio kama mama wa kambo." Moto ndiyo pikipiki kwetu.

Nilimng'olea ufagio, nikaikata mashavu, nikaipaka nyeusi. Sikumtoza kitu. Nilijivuna.

Mwaka huo huo watu walianza kushuka kutoka kaskazini. Vita vilikuwa vimerudi, vya tatu kwa hesabu yangu. Barabara ya Munigi ilijaa magodoro, mbuzi na vyungu, na ukumbi wa parokia, ambako kaske kumi na moja zilikuwa zimehifadhiwa, uligeuka kuwa malazi ya familia arobaini. Mupe alinijia tena.

"Fundi, ndani ya lile sanduku muko kaske kumi na moja zinalala, na batu banalala njaa. Motari banataka kuzinunua. Polisi wa rulaje, ule wa barabara, anakamata kila mutu haiko na kaske. Tukiuza, tunapata unga."

"Ni vizuri, Mupe."

"Ila nakuuliza wewe, juu wewe njo mwenye kazi. Zitafaa kwa moto?"

Nakumbuka nilivyosimama, mkono mmoja kwenye meza. Nilimjibu, "Mupe, ndani ni sawasawa na za duka."

Nilizing'oa fagio zote kumi na moja, nikazipaka nyeusi, nikazikabidhi siku ya Alhamisi. Ziliisha asubuhi moja. Kwa fedha hizo ukumbi ulikula kwa siku tisa.

Muhindo alianguka wiki tatu baadaye, karibu saa nne asubuhi, akitoka Munigi na mama mmoja na godoro. Hakuwa na mbio. Godoro lilishika upepo, gurudumu la mbele likapanda jiwe la volkeno, wote wakalala chini. Mama aliangukia godoro. Muhindo alipiga kichwa juu ya mawe. Alisimama mwenyewe, akajipangusa, akamfikisha yule mama alikokuwa akienda, ndipo akaja kibandani kunionyesha. Kwenye ganda kulikuwa na ufa usiozidi urefu wa kidole.

"Ona kazi yako, Shemeji! Nimepiga jiwe, jiwe njo limesema pole. Tia ka mastiki kadogo tu apa, nirudi kazini."

Alikaa kwenye kiti cha mbao akiwa anazungumza na wapita njia. Nilichanganya mastiki. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nilipokuwa napiga msasa alisema kichwa kinamuuma kidogo. Nilimwambia ni njaa, aende akanywe chai. Akasema hataki chai. Nikaendelea na msasa, ule laini sasa, kwa sababu nilitaka ufa usionekane kabisa. Nilipoinua macho nimwonyeshe, alikuwa ameegemea ukuta, ametapika juu ya viatu vyake, na jicho lake moja lilikuwa limefunguka kuliko jingine.

Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki yake mwenyewe, mwenzake akiendesha, mimi nikimshikilia kati yetu. Vumbi la mastiki lilikuwa bado mikononi mwangu. Saa za mchana walimfanyia waliloweza, na hawakuwa na vyombo vya kufungua kichwa. Daktari wa zamu, mwanamume mfupi aliyekuwa na majeruhi wa vita kwenye korido nzima, aliikuta kaske, niliyokuwa nimekuja nayo bila kufikiri, kwenye benchi. Aliigeuza, akaingiza kidole gumba, akaibonyeza sponji. Kidole kilifika kwenye ganda bila kizuizi.

"Nani ametengeneza hii?"

"Ni mimi, Daktari."

"Ndani umefanya muzuri. Muzuri sana, ata za duka haziko vile." Akabonyeza tena. "Lakini ile nyeupe iko wapi?"

"Ile ya kujaza nafasi?"

Alinitazama. Hakupandisha sauti. "Haijaze nafasi, Papa. Ile njo inakufa pa nafasi ya kichwa. Inapondeka, pigo linaishia mule. Apa ganda halikupondeka, sponji haikufanya kitu, kwa hiyo pigo limeenda lote kwake."

"Angekuwa na ya duka?"

"Siwezi kuapa," akasema. "Usiniombe kuapa."

Muhindo alikufa kesho yake, kabla ya saa sita. Tulimzika Jumamosi. Watu wa parking yake, kituo wanakosimama motari, walikuja na pikipiki hamsini, na nilipokuwa nimesimama kaburini nilihesabu vichwani mwao kaske mbili za kwangu. Zilikuwa nzuri kuliko zote.

Jumapili nilimweleza mke wangu. Nilimwonyesha daftari, ule mstari. Masika alisoma, akalifunga, akalirudisha mezani.

"Muhindo alikuwa anaisifia kwa kila mutu," alisema. Kisha akauliza, "Ziko ngapi mu barabara?"

"Kumi na moja."

"Basi unakaa apa unafanya nini?"

Jumatatu asubuhi nilianza. Sikufahamu wenye kaske, nilizifahamu kaske zenyewe. Nilikwenda parking moja baada ya nyingine nikitazama vichwa. Katika siku zile mji ulikuwa unasikiliza mizinga upande wa kaskazini, na mzee anayekodolea vichwa vya watu macho hakupendwa. Mara mbili niliulizwa natumwa na nani.

Aliyekuwa wa kwanza alinicheka mbele ya wenzake.

"Muzee anataka kununua kaske yangu! Umeanza kuuza mutumba?"

"Nataka kuivunja."

"Munasikia? Kaske ya kwake mwenyewe anataka kuivunja! Iko na kosa gani?"

"Iko mbaya ndani."

"Ndani njo buzuri! Inje njo inabanduka rangi!"

Nikamwambia aivue, aingize kidole gumba, abonyeze. Nikamwonyesha ya mwenzake, ya duka, kuukuu, yenye harufu, nikamwambia abonyeze na hiyo. Alibonyeza moja, akabonyeza nyingine, akarudia ya kwanza. Kicheko kiliisha.

"Njo hii Muhindo alikuwa nayo?"

"Ndiyo."

"Na ulijua?"

"Sikujua."

"Fundi hajui kazi yake?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli. Hata leo jibu langu ni hili tu: nilijua kazi yangu vizuri sana, na ndiyo maana Muhindo aliniamini.

Hakukubali kuitoa bure, na alikuwa na haki, kwa sababu bila kaske angekamatwa kabla ya kufika kona. Kwa hiyo ilinibidi nimpe kila mmoja kaske ya kweli, iliyotumika lakini nzima, ambayo sokoni ilikuwa dola ishirini na tatu. Niliuza mashine ya kupulizia rangi, kisha mapipa mawili ya rezini, kisha vitabu. Masika aliuza mashine ya kushona kabla sijamwomba. Mupe alitaka kuchangia kwa fedha za parokia nikakataa, maana yeye aliuliza swali na mimi ndiye niliyejibu.

Nilizivunja palepale, mbele ya mwenyewe, kwa nyundo, ili zisimfikie mtu mwingine. Haikuwa rahisi. Ganda lilipasuka kwa mapigo matatu au manne, lakini vipande havikuanguka. Gundi, kitambaa na mishono ya Masika vilivishikilia pamoja, na ilinilazimu kukata kila ndani kwa kisu, vipande saba vya sponji, kimoja kimoja.

Katika siku kumi na nane nilipata kumi. Ya kumi na moja ilikuwa ya motari mmoja wa parking ya magharibi. Wenzake waliniambia ameondoka na familia yake kuelekea Masisi kutafuta mamake, siku mbili kabla sijafika. Niliacha ujumbe. Niliacha ujumbe kwa madereva wa malori, kwa wauza makaa, kwa katekista mmoja aliyekuwa anakwenda huko kwa miguu. Kisha mji ukaingiliwa na waasi, barabara ile ikafungwa, na ilipofunguliwa tena ilikuwa na watu wengine. Parking yenyewe haipo sasa.

Sikutengeneza tena kitu cha kuvaliwa na mtu. Nilirudi kwenye mabeseni na mifuniko, mpaka kifua kilipokataa. Vumbi la kioo nililolivuta kwa miaka yote limekaa mahali pake. Napumua kama mtu anayepanda mlima hata nikiwa nimelala, na vidole havifungi vizuri. Nilifunga kibanda mwaka juzi. Hakuna aliyenipa cheti wala sikukitazamia. Baadhi yenu hunijia kuuliza uwiano wa dawa na rezini, nami ninawapa, bila malipo. Lakini nawaomba mnisikilize na hili. Mkifungua kitu kilichotengenezwa na watu wengine mkakuta kipande ambacho hamjui kazi yake, msiandike kwamba hakina kazi. Andikeni kwamba hamjui. Acheni mstari mtupu, mkamtafute wa kumwuliza. Daktari yule alikuwa dakika kumi na tano kutoka kibandani kwangu, na sikumwuliza kwa sababu sikudhani kofia ni jambo la daktari.

Mchezo wa Mateso bado unachezwa. Askari wamerudia kofia za karatasi, na mvua inazilegeza kama zamani. Masika huenda kuutazama. Mimi hubaki nyumbani.

Kila anapofika mtu kutoka upande wa Masisi, namwuliza kama amemwona motari mwenye kaske nyeusi ya zamani, isiyo na jina la kiwanda, nzuri sana ndani. Wengi husema hapana. Mmoja alisema labda. Tumepitia njaa tangu wakati ule, tumekimbia mara mbili na kurudi, tumeuguza na kuzika, na fedha ya kaske ile ya mwisho hatukuigusa. Iko kwenye bahasha, ndani ya Biblia ya Masika, noti zile zile: dola ishirini na tatu.